Si Kila Ua la Njano ni Marejea

Anayepanda basi Tunduma kuja Sumbawanga mwezi wa tatu hukaa dirishani akiona nyasi. Laela, Mpui, mpaka unakaribia mjini: mahindi, alizeti, halafu vilima vya nyasi tena. Wageni wengi wamewahi kuniambia kwamba Ufipa haina cha kutazama kwa kuwa haina miti. Mimi ni mzaliwa wa uwanda huu, na nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa mjini. Nawajibu kwamba mali yetu iko chini ya magoti. Shuka garini, ingia hatua kumi ndani ya nyasi, uchuchumae. Utaona njano inayokaribia rangi ya yai, njano yenye mistari ya damu ya mzee, zambarau iliyopauka, na pinki ndogo karibu na maji. Mengi ya maua hayo ni ya jamii moja, jamii ya mikunde, ndugu wa maharage yaliyo jikoni kwako.

Mji wetu uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo nyuma yake inapita mita 2,000. Mashariki ardhi inakatika ghafla kuteremka bonde la Ziwa Rukwa lenye joto. Magharibi inashuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Huku juu mvua huanza Novemba ikaisha Aprili au Mei, baridi ya Juni huuma mpaka mifupani, na kiangazi moto hupita nyikani. Mmea usio na akiba chini ya ardhi hauwezi maisha hayo kwa urahisi, na mikunde ya porini inajua sana kuweka akiba.

Swali ninaloulizwa mara nyingi, sokoni, kanisani, hata msibani, ni hili: mwalimu, ua hili linaitwaje? Mtu huja na picha kwenye simu, picha ya ua la njano lililokaribiwa sana, bila jani, bila ganda, bila kuonyesha mmea ulisimama wapi. Nataka kueleza hapa namna ya kujibu swali hilo mwenyewe, kwa sababu jibu lake linaweza kugusa afya ya ng'ombe wako, na pengine unga wako.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu Ufipa anacho: ua la maharage. Lichume bichi, asubuhi, kabla halijanyauka, uliweke kwenye kiganja. Lina petali tano zisizolingana. Moja kubwa imesimama nyuma; wanabotania huiita bendera. Mbili ziko pembeni, moja kila upande. Hizo ni mabawa. Mbili za chini zimeshikana ukingoni zikafanya kitu kilichopinda kama mkuku wa jahazi, na mkuku ndilo jina lake. Usiuone udogo wa mkuku ukaudharau. Ndani yake mmefichwa viungo vyote vya uzazi: stameni kumi, na katikati yake ovari ambayo tayari, ukiitazama kwa lenzi, ni ganda dogo la kijani lenye mbegu zilizojipanga. Ukikuta bendera moja, mabawa mawili na mkuku mmoja, umeshaingia kwenye nyumba ya mikunde. Jamii hii ina spishi zinazokaribia 20,000 duniani. Inazidiwa na jamii mbili tu, ile ya alizeti na ile ya okidi, hizo ambazo viazi vyake huchimbwa kwenye nyika zetu na kuvushwa mpaka Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda.

Migunga nayo ni ya jamii ya mikunde, lakini maua yake ni vishungi vya stameni, hayana bendera wala mkuku. Leo tuyaache.

Sasa kazi ya pili, ambayo ndiyo kazi yenyewe: kutofautisha ndugu na ndugu. Kwenye nyika ya Ufipa, ua la njano lenye bendera na mkuku laweza kuwa la makundi mengi. Kundi kubwa kuliko yote, na lenye kuchanganya kuliko yote, ni Crotalaria. Afrika na Madagaska zina spishi zake zipatazo 500. Hilo ndilo kundi la marejea.

Mwaka jana, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, mama mmoja jirani yangu mwenye shamba upande wa Malonje alikuja jioni na fungu la mashina chini ya kitenge.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Mwalimu, hili si ndilo marejea? Limeota lenyewe pembeni ya ulezi. Nataka niwakatie maksai."

Maksai wake wawili ndio jembe lake, ndio mkokoteni wake, na ndio ada ya mjukuu. Nikamwomba tuketi nje, mwanga ukiwa bado upo.

Marejea nayajua. Ni Crotalaria ochroleuca, mmea wa Afrika yetu wenyewe. Miaka ya 1980 Bruda Gerold Rupper, mtawa Mbenediktini wa Peramiho kule Songea, aliutangaza sana kwa wakulima wa kusini: upande shambani, ufunike magugu, uulimie chini uwe mbolea. Kutoka huko jina likasambaa mpaka kwetu. Magharibi mwa Kenya majani yake machanga ni mboga ya siku zote, na Wajaluo huyaita mitoo. Kwa hiyo mtu akisikia marejea anasikia kitu chema, na akiona ua la njano lenye mdomo uliochongoka moyo wake unatulia. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Nilianza na ua. Mkuku wake uliishia kwenye mdomo mwembamba. Nikashika mabawa kwa vidole viwili nikayabonyeza chini polepole, na uzi mwembamba wa chavua ukachomoza kwenye ncha ya mdomo. Hiyo ni alama ya Crotalaria. Maua ya kundi hili yameundwa hivyo ili lile dudu jeusi nene linalotoboa boriti za paa likitua juu ya mabawa kwa uzito wake, chavua isukumwe na kupakwa tumboni mwake. Nikachana mkuku kwa sindano. Stameni kumi, zote zimeungana chini, na vichwa vyake ni vya aina mbili kwa kupokezana: vitano virefu, vitano vidogo vya mviringo. Ua la maharage haliko hivyo; huko stameni tisa zimeungana na ya kumi iko peke yake. Basi hapakuwa na shaka kwamba mama ameleta Crotalaria. Lakini Crotalaria ipi?

Ua halikuweza kutuambia. Tukaenda kwenye jani. Marejea yana jani lenye vipande vitatu, na kila kipande ni kirefu na chembamba, urefu wake unaweza kufika kidole kizima cha mkono na kuzidi, upana wake hauzidi sana ukucha. La mama lilikuwa na vipande vitatu pia, ila vifupi na vipana, vyenye kichwa cha mviringo. Shina nikalipitisha shavuni: lina vinyweleo vingi. Shina la marejea halina manyoya ya namna hiyo.

Halafu ganda. Ganda la marejea ni nono, limevimba, lina urefu wa sentimita 5 hadi 7, nje karibu laini, na likikauka mbegu huachia zikacheza ndani, ukilitikisa linalia. Maganda ya mama yalikuwa mafupi, kama sentimita 3 au 4, yamening'inia chini yakibanana kwenye kikonyo, na yote yamefunikwa vinyweleo virefu vya rangi ya kahawia. Ukiona ganda hilo hutalisahau. Ni Crotalaria incana, gugu linalopenda kando ya barabara, viwanja vilivyoachwa na mipaka ya mashamba.

Nikamwambia mama asiwape maksai. Sababu ni hii. Crotalaria nyingi, na hiyo mojawapo, zina sumu za kundi la alkaloidi za pirolizidini. Mnyama akila, ini lake, katika kujaribu kuisafisha, ndilo linaloigeuza kuwa kitu kikali kinachoua chembe za ini lenyewe. Jambo baya zaidi ni kwamba haionekani siku ile. Ng'ombe anaweza kula kwa muda, akanenepa, akalima, kisha baada ya wiki nyingi, pengine miezi, akaanza kukonda, akavimba tumbo, na hakuna atakayekumbuka yale mashina ya pembeni ya shamba. Watu husema amerogwa, au wanalaumu chanjo.

Mbegu ndizo zenye sumu nyingi kuliko majani, na mbegu haziishii kwa ng'ombe. Mwaka 1975, katika wilaya ya Sarguja nchini India, makumi ya wanavijiji waliugua ini na wengi wakafa baada ya kula nafaka ndogo ya jamii ya mtama iliyochanganyika na mbegu za Crotalaria ya porini. Nafaka ile ilikuwa chakula chao cha kila siku, ilivunwa na gugu lake, ikapepetwa na gugu lake, ikasagwa. Sisi tunalima ulezi. Mbegu ya Crotalaria ni ndogo, imepinda kama figo, inang'aa, rangi ya kahawia au njano iliyokolea. Mwenye macho mazuri ataiona kwenye ungo. Ndiyo maana nilimwomba mama jambo la pili: ayang'oe yale yaliyoko mpakani kabla maganda hayajapasuka, na ulezi wa ukingo ule aupepete mara mbili.

Hayo ndiyo yanayonifanya nisisitize ganda. Ua ni zuri, ua ndilo linalopigwa picha, lakini ganda ndilo linalotoa ushahidi. Nawaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwamba ua litakupeleka mpaka mlangoni kwa ukoo, na jina la mtu utalipata kwa ganda na mbegu.

Hili si la Ufipa peke yetu. Kusini mwa Uingereza kuna vilima vya chokaa vilivyofunikwa nyasi fupi, na juu yake huchanua maua mawili ya njano ya jamii ya mikunde, Lotus corniculatus na Hippocrepis comosa, yanayofanana kiasi cha kumsumbua hata mtu aliyekulia hapo. Subiri ganda: la kwanza hutoa maganda yaliyonyooka, kadhaa pamoja, yametawanyika kutoka nukta moja, la pili hutoa ganda lililopindapinda, lenye vipande vinavyokatika, kila kipande kina umbo la kiatu cha farasi. Huko nako jina sahihi lina uzito. Kuna kipepeo wa buluu, Polyommatus bellargus, ambaye viwavi wake huko hula Hippocrepis comosa tu. Anayelinda ua la njano lisilo lenyewe anampoteza kipepeo huku akidhani anamtunza.

Na kwenye fukwe za bahari za nchi yetu, mchangani pale pale mawimbi yanapofika, hutambaa Canavalia rosea yenye maua ya pinki ya zambarau. Mtu aliyezoea maharage akiliona atadhani ua limeumbwa vibaya, kwa sababu limegeuka juu chini: bendera iko chini na mkuku uko juu. Mbegu zake huelea baharini na kuota pwani nyingine. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi picha yake nao wakaigeuza simu, wakidhani nimeishika kinyume.

Turudi nyikani kwetu, maana bado kuna njano nyingine.

Nenda kwenye mteremko ulioungua mwezi wa tisa, kabla ya tone la kwanza la mvua. Ardhi ni nyeusi, vumbi la majivu linapanda mpaka magotini. Katikati ya weusi huo utakuta kijimea cha urefu wa kiganja kimechanua. Watu hushangaa kimepata wapi maji. Chimba pembeni yake kwa uangalifu, utakutana na mzizi mnene kama mti, ambao umeishi humo miaka mingi huku moto ukipita juu yake. Vingi vya vijimea hivyo ni Eriosema. Maua yake ni madogo, ya njano, na nyuma ya bendera mara nyingi kuna mistari ya kahawia nyekundu. Geuza jani uangalie kwa lenzi upande wa chini: kuna vitone vidogo vinavyong'aa, tezi za mafuta, ambazo Crotalaria haina. Ganda ni fupi, bapa, lina manyoya, na ndani lina mbegu mbili.

Ndugu wa karibu wa Eriosema ni Rhynchosia, nayo ina vitone chini ya jani, nayo ina ganda fupi la mbegu moja au mbili, ingawa nyingi katika kundi hilo hutambaa na kujisokota kwenye nyasi. Hapa tofauti ya uhakika ni ndogo kiasi kwamba nafurahi kila nikiionyesha. Toa mbegu kutoka ganda lililokomaa bila kuivuta kwa nguvu. Kila mbegu ya jamii ya mikunde ina kovu pale iliposhikamana na ganda. Kwenye kunde ni lile jicho jeusi. Angalia kile kikonyo kidogo kinachoishikilia mbegu kimegusa wapi kwenye kovu. Kama kimegusa katikati, ni Rhynchosia. Kama kimeshika mwisho mmoja wa kovu, ni Eriosema. Kitu chenyewe hakifiki milimita mbili. Mwanafunzi akishakiona kwa macho yake, hawezi tena kutembea kwenye nyasi kama alivyotembea jana.

Kunde za porini, kundi la Vigna, nazo zina njano na zina zambarau. Hizo zinatambaa, na majani yake yanakutazama kwa sura ya nyumbani, kwa sababu kunde tunazopika zilifugwa hapa hapa barani Afrika kutoka kwenye ndugu zake wa mwituni. Mmoja, Vigna vexillata, hutoa ua la pinki ya zambarau ambalo mkuku wake umejipinda upande mmoja, na ganda lake ni jembamba, lenye manyoya, limesimama wima. Mzizi wake huliwa. Watafiti wa mbegu huzithamini sana kunde za mwituni, kwa kuwa zimebeba ukinzani dhidi ya wadudu na ukame ambao kunde za shambani zimeupoteza. Tunapochoma na kulima mpaka kichaka cha mwisho, hizo hazina zinakwenda bila mtu kuziandika.

Zambarau nyingine ya kuijua ni utupa, Tephrosia vogelii, kichaka cha kupandwa na wakati mwingine cha kujiotea. Maua yake ni makubwa, meupe au ya zambarau, na majani yake si ya vipande vitatu bali ya jozi nyingi zinazopangana kwenye uti mmoja. Ganda limevaa manyoya laini kama mahameli. Wakulima huutumia kufukuza wadudu kwenye nafaka. Ziwani walikuwa wakiutwanga na kuutia majini kulevya samaki, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Upupu sina haja ya kuueleza kwa mtu yeyote aliyewahi kukatiza kichakani.

Nani aliyatambua haya yote kabla yetu? Jina ninalolitaja darasani ni la Mary Richards, mwanamke wa Wales aliyezaliwa 1885. Alikuwa amepita miaka 60 alipoanza kukusanya mimea ya Afrika kwa bidii. Aliishi Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na kutoka huko alikuwa akivuka kuja Ufipa. Alikusanya maelfu kwa maelfu ya vielelezo, alivikausha, akaviandikia, na vingi viko Kew, London. Alifariki 1977. Nawaambia wasichana wangu: bibi wa umri huo alitembea kwenye nyasi mnazopita kila siku mkienda kuteka maji.

Vielelezo vya watu kama yeye ndivyo vilivyojenga kitabu kikubwa cha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, kilichoanza kutolewa 1952 na kumalizika 2012. Juzuu la mikunde yenye bendera na mkuku lilitoka 1971, kazi ya Gillett, Polhill na Verdcourt. Baadaye, 1982, Roger Polhill akatoa kitabu kizima kuhusu Crotalaria za Afrika na Madagaska. Katika vitabu hivyo sehemu yetu imepewa alama T4, pamoja na Mpanda, Kigoma na Tabora, na baada ya alama hiyo mara kwa mara utasoma neno Ufipa. Mara ya kwanza nilipoliona jina la kwetu limechapwa pale, kwa herufi ndogo, baada ya jina la ua ninalolijua, nilijisikia fahari ambayo siwezi kuieleza.

Lakini wazee wetu hawakusubiri kitabu wajue faida ya mimea hii. Kilimo cha Wafipa cha matuta ya mviringo, ntumba, kilifanya kazi hiyo muda mrefu. Mvua zikikaribia kuisha, mkulima hugeuza nyasi na majani pamoja na udongo, hurundika, hufunika, na juu ya tuta hupanda maharage. Ndani, nyasi zinaoza. Msimu unaofuata matuta yanavunjwa, udongo unasambazwa, na ulezi unapandwa. Nyasi zile hazikuwa nyasi tupu. Zilikuwa zimechanganyika na Eriosema, Crotalaria, kunde za mwitu na klova ndogo za bondeni. Mikunde ina naitrojeni nyingi kuliko nyasi, na ikioza huiacha ardhini.

Unaweza kuhakiki hilo mwenyewe. Ng'oa mmea mmoja wa mikunde mvua ikiwa bado inanyesha, kwa jembe, si kwa kuvuta, maana ukivuta vinundu vinabaki ardhini. Suuza mizizi kwenye beseni. Utaona vinundu vidogo vimeshika. Kata kimoja kwa wembe. Kikiwa chekundu au pinki ndani, bakteria waliomo wako kazini, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea chakula. Wekundu huo unatokana na kitu kinachokaribiana na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza. Kikiwa kijani au kahawia, kimeshachoka. Hili ni somo ambalo halihitaji maabara, na sioni sababu ya mtoto wa mkulima kumaliza shule bila kulifanya.

Sasa kwa anayetaka jina la ua lake. Chukua tawi zima lenye ua, jani na ganda. Kama mmea ni mdogo na uko kwa wingi, uchukue na mzizi. Litandaze kwenye gazeti, jani moja uligeuze ili upande wa chini uonekane, ua moja ulifungue. Funika kwa magazeti mengine, weka ubao, kisha mawe au debe la mahindi juu yake. Badilisha gazeti kila siku, hasa wakati wa mvua, la sivyo majani yatakuwa meusi na kuota ukungu. Baada ya wiki moja hivi litakuwa limekauka.

Karatasi ya maelezo ina thamani sawa na mmea wenyewe. Andika kijiji na alama ya karibu mtu anayoweza kuifikia, tarehe, ardhi ikoje, kama palichomwa moto mwaka huo, mmea una kimo gani, na rangi ya ua likiwa bichi, kwa sababu rangi ndiyo ya kwanza kupotea kwenye gazeti. Andika jina ambalo wenyeji wa hapo hulitumia, kwa tahajia unayoisikia, na matumizi yake kama yapo. Kielelezo cha namna hiyo kinaweza kupelekwa Hebaria ya Taifa kule Arusha au idara ya botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtu wa huko akakifanyia kazi. Picha ya simu ni msaada, ila piga nne: mmea mzima mahali ulipo, ua kwa ubavu ili mkuku uonekane, jani pande zote mbili, na ganda.

Kama ganda bado, funga kipande cha kitambaa kwenye kijiti, kichomeke pale, urudi baada ya wiki nne au tano. Na ukikuta mmea mmoja peke yake katika mteremko mzima, usiuchume. Piga picha zako, andika mahali, uendelee kutembea mpaka upate wenzake.